Hesabu nilizianzia kwenye mkonge

Wahariri na wasomaji wenzangu hamjambo. Swali lenu la wiki hii mnauliza "nani au nini kilikufikisha kwenye kazi unayofanya leo?", nimelisoma huku nasahihisha madaftari ya watoto nikaona hili nilijibu, mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza huku Pangani na kilichonifikisha ni mkonge, pamoja na mwalimu mmoja.

Nimezaliwa 1992 kambini, kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza. Baba mkataji, mama anaanika singa, zile nyuzi za mkonge, kule korona, yaani kiwandani wanakochakata majani, sisi watoto siku zote tuko nyuma ya baba tunafunga. Jani la mkonge lina mwiba mweusi kwenye ncha, ukikuchoma kidole kinavimba, kwa hiyo baba anautoa kwanza ndo anakupa jani, we unapanga mpaka 30, unafunga, huo mzigo mmoja, unaanza mwingine. Likipungua jani moja mnyapara anaukataa mzigo mzima, ukizidisha jasho la baba limekwenda bure. Yaani 30 niliijua kwa mikono kabla sijajua inaandikwaje.

Shule sikuanza kwa wakati, ada ilikuwa bado ipo na nyumbani tulikuwa wengi. Ilipofutwa ndo nikaandikishwa 2002, nina miaka 10 nakaa na watoto wa miaka 7, magoti yanagonga dawati, kusoma sijui, naona aibu hata kunyoosha mkono. Sasa siku moja tuko darasa la pili mwalimu akauliza kwa kujaribu tu, 30 mara 4 ngapi? Kimya. Nikasema mia na ishirini. Akaniuliza nani kakufundisha, nikamwambia baba, shambani, ni mizigo minne. Nilidhani watanicheka. Mwalimu akafunga kitabu, akatutoa wote nje chini ya mwarobaini, akaniambia haya wafundishe wenzako mnavyofunga, tukaokota vijiti tukafunga kumi kumi mpaka kengele ikalia. Siku ile ndo nilijua nataka kuwa nani, na sijawahi kubadilisha.

Huyo huyo mwalimu nilipomaliza la saba akaja kambini jioni na baiskeli, akakaa na baba kwenye mkeka wakala bada pamoja, sijui walisemezana nini ila asubuhi baba akasema utakwenda sekondari. Kidato cha nne nimemaliza 2012, mwaka ule matokeo yalikuwa mabaya nchi nzima mpaka serikali ikaunda tume na yakapangwa upya, namshukuru Mungu nilipita, nikaenda chuo cha ualimu.

Kutoka chuo 2015 ajira hakuna. Nikajitolea miaka, nalipwa michango ya wazazi, mwezi mwingine unapewa elfu ishirini mwingine hupewi kitu, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu wenzangu wengi wazuri kuliko mimi waliacha palepale, sasa hivi wanaendesha bodaboda. Mwishoni mwa 2020 jina langu likatoka.

Darasani kwangu huku Pangani hakuna anayefunga majani kwao, watoto wangu ni wa nazi na samaki. Kuna mmoja ukimwandikia 8 ubaoni anakodoa macho, wenzangu walishaniambia huyo mzito. Juzi Jumamosi nikapita kwa mjomba wake nikamkuta mtoto mwenyewe anahesabu nazi, anazirusha mbili mbili kwenye lundo anaimba, ikifika hamsini anaweka kokoto pembeni anaanza upya, wala hakosei. Nimesimama pale mpaka kokoto zikafika sita, nikamuuliza ni nazi ngapi hizo, akajibu mia tatu mwalimu, shikamoo. Nimemwambia Jumatatu aje na kokoto zake darasani.