Mpime Mtoto Urefu, Usimlinganishe na wa Jirani

Binti yangu wa pili alipokaribia miaka mitatu, hakuna mtu nyumbani aliyemwona na kasoro. Alikuwa mchangamfu, mashavu yamejaa, na kila tulipompeleka kliniki alama ya uzito wake iliangukia kwenye eneo la kijani la kadi. Gauni la Krismasi tulilomnunulia Desemba moja lilimtosha vizuri hata Desemba iliyofuata, na mimi, badala ya kushtuka, nilifurahi kwamba nimeokoa fedha. Bibi yake alikwisha kutoa hukumu kwamba mjukuu amerithi ufupi wake, na hoja ikafungwa hapo.

Kosa letu kubwa lilikuwa kuamini macho. Tunaishi Njombe, mkoa unaolisha mikoa mingine kwa mahindi na viazi, lakini utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba takriban nusu ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi mno kwa umri wao, wakati wastani wa nchi nzima ni asilimia 30. Kwa hiyo nilipomsimamisha binti yangu kando ya watoto wa jirani na kuwaona wako sawa, nilikuwa ninamlinganisha mtoto mfupi na watoto wafupi wenzake. Mtoto aliyedumaa hakondi lazima. Mara nyingi viungo vyake vina uwiano mzuri, ila anaonekana mdogo kuliko umri wake, na mgeni akiambiwa ana miaka mitatu hushangaa kwa kuwa alidhani ana miwili.

Muuguzi mmoja ndiye aliyetufumbua macho. Nilikuwa nimempima mtoto nyumbani nikapata sentimita 88, nami nikamtajia namba hiyo kwa kujiamini. Akamtazama mtoto, akacheka, akafungua yale mabutu mawili aliyosukwa utosini, kisha akasema, "Baba, tunampima mtoto, hatupimi nywele." Kwenye ubao zikabaki sentimita 86. Uzito ulikuwa kilo 12 na nusu, wala haukuwa na tatizo. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, msichana wa miaka mitatu kwa wastani hufikia sentimita 95 hivi, na akiwa chini ya 87.4 huhesabiwa kuwa amedumaa. Kadi ilikuwa na ukurasa wa urefu kwa umri, lakini wetu ulikuwa mtupu, nami sikuwahi kuuliza kwa nini.

Tangu siku hiyo ninawasihi wazazi wenzangu waulize urefu kila wanapoulizwa uzito. Mtoto huzaliwa na sentimita 50 hivi, huongeza takriban 25 katika mwaka wa kwanza na kama 12 katika mwaka wa pili, kisha kasi hushuka taratibu hadi sentimita tano au sita kwa mwaka kabla ya balehe. Kipimo kimoja hueleza kidogo. Vipimo viwili vilivyoachana miezi sita ndivyo vinavyosema kama mtoto anapanda au amesimama.

Nyumbani nimetenga mwimo wa mlango kwa kazi hiyo. Mtoto husimama bila viatu, visigino, makalio, mabega na kisogo vikigusa mbao, macho yakitazama mbele, nami huweka kitabu kigumu utosini kikiwa kimenyooka na kuchora mstari kwa penseli pamoja na tarehe. Tunapima asubuhi, kwa sababu mtu hupungua kidogo kufikia jioni. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupimwa akiwa amelala, na hiyo ni kazi ya watu wawili wenye ubao maalumu, kwa hiyo mwachieni muuguzi.

Kuhusu chanzo, kwetu jibu lilikuwa la aibu. Tulikuwa na ng'ombe wa maziwa na kuku, lakini maziwa yote yalikwenda kwa wanunuzi na mayai sokoni, huku mtoto akishibishwa uji mwepesi wa mahindi na ugali kwa mboga za majani. Kushiba alishiba. Aliharisha mara kwa mara pia, maana maji tulikuwa hatuchemshi. Sasa yai moja na kikombe cha maziwa hutengwa kwanza, ndipo tunauza, na dagaa huingia kwenye mboga yake.

Hata hivyo, si kila ufupi hutokana na sahani. Mtoto anayekula vizuri lakini baada ya miaka minne anaongezeka chini ya sentimita tano kwa mwaka, au mstari wake unazidi kushuka kwenye kadi, anapaswa kuonwa na daktari wa watoto, kwa kuwa upungufu wa homoni za ukuaji au za tezi ya shingo, maradhi sugu ya figo au utumbo, na kwa wasichana hitilafu ya kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli, huweza kujificha nyuma ya kauli ya kwamba ukoo wetu ni wafupi.

Muuguzi hakutuahidi makubwa, kwa kuwa hasara iliyopatikana kabla ya miaka miwili ni vigumu kuifidia yote. Binti yangu alipotimiza miaka mitano, mwimo wa mlango ulisoma sentimita 100 na nusu, kidogo tu juu ya mstari wa udumavu. Kadi ya kliniki imefikia mwisho wake na shuleni hawapimi, kwa hiyo penseli bado iko juu ya fremu, na kila miezi sita binti yangu huyafungua mabutu yake mwenyewe kabla sijamwita.