Mbayuwayu wa buluu: tutamjuaje Kitulo?

SWALI: Shikamoo babu. Likizo ya Desemba nataka kumpeleka binti yangu hifadhi ya Kitulo akamwone mbayuwayu wa buluu, kaambiwa shuleni ni mgeni adimu. Tutamjuaje, maana mbayuwayu ni wengi? Na nikipiga sauti yake kwenye simu, atakuja?
Mama wa binti mmoja, Mafinga

JIBU: Marahaba mwanangu. Desemba mtamkuta. Hufika kwetu mvua zinapokaribia, hujenga na kulea makinda, na ikifika mwezi wa 4 anakuwa ameshashika njia ya kaskazini, Uganda na magharibi mwa Kenya. Mgeni ndiyo, lakini wanawe ni wazaliwa wa huku.

Tazameni tumbo kwanza. Mbayuwayu wa Ulaya, ambaye Desemba naye yupo, ana tumbo jeupe na koo la rangi ya kutu. Huyu wenu ni buluu juu mpaka chini. Dume ana manyoya mawili ya mkia, marefu na membamba kama nyuzi. Ya jike ni mafupi. Kinachosumbua ni mawingu. Bila jua anaonekana mweusi tii, na yupo mbayuwayu mwingine mweusi kweli, mwenye mkia wa panda, anayependa kandokando ya miti. Msibishane. Subirini jua litoke, ndege ageuke, rangi mtaiona.

Msimtafute angani. Simameni juu ya bonde lenye majimaji na nyasi, mtazame chini: hupita karibu kugusa majani akikamata wadudu. Ukimwona kazama ardhini ghafla, macho yako ni mazima. Hujenga kiota cha tope ndani ya mashimo ya muhanga, yule mnyama mchimbaji, au pale ardhi ilipotitia. Hapo msisogee hata kidogo, maana mzazi akiona watu mdomoni mwa shimo haingii kulisha.

Huko kwenu, ndani ya misindano ya Sao Hill, hutampata. Anataka nyasi tupu, na nyasi tupu watu huziita eneo lisilo na kitu, wakapanda misindano, miwati au viazi. Ndiyo maana amekuwa adimu. Kitulo imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, wengine wanaiita Bustani ya Mungu kwa ajili ya maua, lakini mimi nasema bila nyasi zile hayo maua yangekuwa wapi?

Njia: mkifika Chimala pandeni barabara ya Hamsini na Saba, iliyoitwa hivyo kwa zile kona zake, hadi Matamba. Mvua ikiwa imenyesha usiku, dereva asiyeijua asijaribu. Binti avae koti zito. Kule juu ni zaidi ya mita 2,500, na Desemba isikudanganye.

Sauti ya simu iache. Dume atadhani kavamiwa, aache kulisha aanze kumsaka adui asiyekuwepo. Darubini moja inatosha, mpokezane.