"Mwepesi wa miguu", mbona amekaa tu?

SWALI: Mhariri shikamoo. Mi nimeanza kusoma Iliad ya Homer, ule utenzi wa kale wa Kigiriki kuhusu vita vya Troy, nasoma tafsiri, sasa kuna kitu kinanikera. Huyu shujaa Achilles kila akitajwa ni "mwepesi wa miguu", akikimbia mwepesi wa miguu, akiongea mwepesi wa miguu, mpaka pale kasusia vita kakaa zake tu bado ni huyo huyo mwepesi wa miguu. Mtunzi kaishiwa maneno au mi ndo sielewi?

JIBU: Marahaba, na pole. Tena rudi mwishoni mwishoni mwa kitabu cha 1, yaani sehemu ya 1 ya utenzi, uangalie vizuri, Achilles kanuna kando ya merikebu, na merikebu zenyewe zinasifiwa kwa kasi wakati zimevutwa nchi kavu hazina safari yoyote. Mi nilicheka.

Maelezo yanayojulikana zaidi ni ya Milman Parry, msomi Mmarekani, aliyaandika miaka ya 1920. Kama umewahi kumsikia malenga anayeghani papo kwa papo utamwelewa fasta, mizani lazima itimie na hana muda wa kukuna kichwa akitafuta neno, kwa hiyo anakuwa na vipande vyake tayari kichwani, jina na sifa yake vimeshikana, na kipande gani kitoke inategemea nafasi iliyobaki kwenye mstari, siyo Achilles anafanya nini saa hiyo.

Sawa, lakini mi simalizii hapo. Ngoja ufike kitabu cha 22, Achilles anamkimbiza adui yake Hector, shujaa wa Troy, wanauzunguka mji wa Troy mara 3, hapo lile neno ulilolichoka linaamka lote, unagundua kumbe ulikuwa unaambiwa siku zote huyu mtu akiinuka hakuna wa kumkimbia.

Ila kuna sifa zinatatanisha kweli. Kwenye Odyssey, utenzi mwingine wa Homer, mwanzoni kabisa, mungu mkuu Zeus anamkumbuka mtu anaitwa Aegisthus, na sifa aliyopewa hapo ni amumon, ambayo kwa muda mrefu wametafsiri "asiye na lawama". Asiye na lawama! Jamaa kachukua mke wa Agamemnon, mfalme aliyewaongoza Wagiriki vitani Troy, halafu akamuua Agamemnon mwenyewe. Msomi Anne Amory Parry kwenye kitabu kilichotoka 1973 akabisha kwamba neno lenyewe lilikuwa linahusu uzuri wa mtu, siyo usafi wa matendo, na mi naona hiyo inaingia akilini zaidi.

Sasa usije ukabeba hayo ya mizani ukayapeleka kila mahali. Kwenye Othello ya Shakespeare, Iago anaitwa mwaminifu, mwaminifu, mwaminifu, mhakiki William Empson alihesabu maneno "mwaminifu" na "uaminifu" mara 52 kwenye tamthilia nzima. Pale siyo kujaza mstari, ni kinaya, sisi tunajua Iago ni nyoka na wanaomsifia hawajui, kwa hiyo sifa haimwelezi Iago hata kidogo, inamwanika anayeitamka. Angalia mwisho, Othello ameshamuua mkewe Desdemona kwa sababu Iago alimdanganya kwamba anamsaliti, anamwambia Emilia kwamba aliyemfungua macho ni mumewe, Iago mwaminifu, tena analisema mara mbili mfululizo. Na Emilia, ambaye ndo mke wa Iago, anajibu kwa kumlaani mumewe.