Mazoezi ya Noeli wakati wa mvua

Mama, nimekuelewa: umekabidhiwa watoto wanaofanya mazoezi ya Noeli kwenye parokia yenu ya Kilutheri hapa Lubumbashi, mvua inavuruga mazoezi, na wazazi wananung'unikia michango.

Jumapili ya kwanza ya Majilio, kipindi cha kujiandaa kwa Noeli, huangukia kati ya 27 Novemba na 3 Desemba, mvua ikiwa imeshashika. Usingoje hapo. Sikukuu ya Matengenezo ya Kanisa, 31 Oktoba, ikipita tu, anza. Na uachane na mazoezi ya saa kumi jioni, mawingu yanapojaa; Jumamosi asubuhi inafaa zaidi, ingawa wengine watasema ni siku ya kufua. Radi ikianza, mazoezi yasimame, watoto wote ndani. Asiwepo hata mmoja anayejikinga chini ya mwembe.

Mishumaa minne ya Majilio iwashwe na mtu mzima, mbali na mapazia. Umeme ukikatika mkawasha jenereta, ikae nje kabisa, mbali na milango na madirisha: moshi wake una sumu isiyo na harufu, nayo inaua. Nyaya zikiwa zimechakaa, mwite fundi umeme kabla ya ibada.

Makuta, yaani pesa za michango, usiyashike peke yako. Daftari moja, watu wawili wa kutia sahihi, hesabu isomwe kila Jumapili wakati wa matangazo. Mzazi asiye na franga alete unga wa bukari (ugali) au makala ya kupikia (makaa). Huo nao ni mchango, uandikwe kwa jina lake. Manung'uniko yakizidi, yapeleke mapema kwa mchungaji na wazee wa kanisa.