Han Xin aliponzwa, hakupelekewa

Swali: Ninaandika makala kuhusu Han Xin, kamanda wa China ya kale. Sentensi yangu ya kwanza inasema: "Ushindi wake mwingi ulipelekea kuuawa kwake." Je, nimwite jenerali au jemadari?

Jibu: Mwite jemadari. Neno hili limetoka Uajemi likapitia India, ambako lilitaja ofisa wa ngazi ya chini, na Kiswahili kikalipandisha hadi kwa mkuu wa majeshi. Kinachoniuma ni hicho kitenzi "ulipelekea", ambacho siku hizi hakikosekani katika taarifa ya habari wala katika tasnifu.

Kupelekea ni kauli ya kutendea ya kupeleka: lazima awepo anayepeleka, kitu kinachopelekwa na mtu anayepelekewa. Mwaka 203 KK, Han Xin alipokwisha kuiteka nchi ya Qi na kuomba aitawale, bwana wake, Liu Bang, alimpelekea muhuri wa ufalme kwa mkono wa mshauri wake Zhang Liang. Hapo kitenzi kimekaa mahali pake, kwa sababu muhuri umetoka kwa bwana, umebebwa, umemfikia jemadari. Sasa nieleze: ushindi ulibeba nini, ukampelekea nani? Huniambii kwamba lugha hukua. Kukua si kukifanya kitenzi kimoja kimeze kusababisha, kuleta, kuzaa na kufikisha, vyote kwa mkupuo.

Tena kitenzi hicho kinaficha watendaji. Liu Bang, aliyekuwa mfalme mkuu baada ya vita vya Gaixia mwaka 202 KK, alimhofia jemadari wake, akamkamata mwaka 201 KK na kumshusha cheo. Mwaka 196 KK, Malkia Lü, mke wa Liu Bang, alimwua kwa tuhuma za uasi. Aliyemhadaa aingie ikulu ni waziri Xiao He, yule yule aliyemfuata mbio zamani Han Xin alipotoroka, akamrudisha na kumwombea ukamanda; ndiyo maana Wachina husema Xiao He ndiye aliyemwinua na ndiye aliyemwangusha. Watu watatu wenye majina umewafuta kwa "ulipelekea" moja!

Ukiwa huna nafasi ya kuwataja wote, Kiswahili kina neno la jambo la mtu mwenyewe linapomtia hatarini. Andika: "Jemadari Han Xin aliponzwa na ushindi wake."