Maswali ya wasomaji: Kisima chetu kinaishia wapi?

Mwaka wa tatu huu kijiji chetu kinaandika kisima kuwa kipaumbele cha kwanza, na kila mwaka tunaletewa kitu kingine. Safari hii ni vyoo vya shule. Hivi mipango yetu inasomwa kweli?
*Mjumbe wa halmashauri ya kijiji, Newala*

Ndugu mjumbe, tatizo linaanzia kwenye neno lenyewe, kisima. Huko juu uwandani maji ya ardhini yako mbali mno. Ndiyo maana mradi wa maji wa Makonde unayachota Mitema, bondeni Kitangari, na kuyapandisha kwa pampu. Mhandisi akikuta “kisima” kwenye orodha ya kijiji cha uwandani, ataupita mstari huo na kwenda unaofuata. Ombeni bomba lisogezwe kutoka tanki au kituo mnachokijua, hadi kitongoji mnachokitaja, kwa umbali mliokwisha kuupima hata kwa pikipiki. Andikeni pia idadi ya kaya zitakazochota.

Wakati mnasubiri, tazameni paa la shule. Mvua ya milimita 10 kwenye paa la mita za mraba 100 ni lita 1,000. Toeni moja ya tano kwa kumwagika na kwa maji ya kwanza ya kuoshea paa, mtabaki na 800. Hesabu hiyo ndiyo ya kuchagulia ukubwa wa simtanki, na ombi dogo namna hii hupita upesi.

Kuhusu vyoo: fedha nyingi za serikali kuu hufika wilayani zikiwa zimeshapangiwa kazi, na mkurugenzi hana ruhusa ya kuzigeuza. Tena maji vijijini yako chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, tangu sheria ya 2019, na barabara za vijijini ziko kwa wakala mwingine, TARURA, tangu 2017. Kwa hiyo orodha moja iliyopelekwa kwa mtendaji wa kata peke yake haitoshi. Ombi la maji lipate nakala yake RUWASA, au mamlaka ya maji ya Makonde ikiwa bomba la karibu ni lao. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri mwakani mtaambiwa barua haijafika.

Halafu kuna muhtasari wa mkutano. Tunaona mihtasari mingi imeandikwa “wananchi waliomba maji” basi. Hilo ni ombi, na Kamati ya Maendeleo ya Kata inahitaji azimio: mkutano mkuu umeamua nini, wapi, kwa kiasi gani, kijiji kitatoa nini (kiwanja, mchanga, fedha). Chini yake iwepo orodha ya mahudhurio yenye saini. Mwenyekiti wenu ni mjumbe wa kamati hiyo ya kata. Muulizeni alisema nini siku orodha za vijijini zilipochujwa, maana hapo ndipo vipaumbele vingi hukatwa, kabla havijafika kwa madiwani.

Mkutano wa mipango tunauitisha Novemba. Wanaume wanakuja wachache, wanawake wakija hawasemi. Tufanyeje?
*Mtendaji wa kijiji, Ruangwa*

Novemba watu wanaokota korosho, na aliyebaki nyumbani anawaza mnada. Fanyeni kazi ya vitongoji Agosti, ufuta ukiwa umeshauzwa, na mkutano mkuu uwe mwanzoni mwa Septemba. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini baraza la madiwani hujadili bajeti miezi mingi kabla, kwa hiyo hamtakuwa mmewahi kupita kiasi. Sheria inataka mkutano mkuu kila miezi mitatu, basi huo wa Septemba uhesabiwe humo humo. Na Ijumaa mchana iacheni.

Wanawake wapeni kikao chao, kiongozwe na mwanamke, karibu na wanakochota maji au kusaga. Mbinu hizi si ngeni kwenu: mradi wa RIPS, uliofadhiliwa na Ufini, ulizitumia Lindi na Mtwara miaka ya 1990. Choreni ramani ya kitongoji chini kwa kijiti, kisha mtu ainakili kwenye karatasi kabla mbuzi hawajapita juu yake.

Kupanga vipaumbele, tafuteni makopo sita yenye vifuniko vilivyotobolewa, kila tatizo kopo lake. Juu ya kila kopo wekeni kitu kinachojieleza: kata ya kuchotea maji, chaki, jembe. Kila mtu apewe punje 10 za mahindi na asitie zaidi ya tano kwenye kopo moja. Kopo likiwa wazi, watu wanafuata mkono wa mzee aliyetangulia.

Kosa kubwa ni kuzichanganya punje za wanaume na za wanawake. Tuseme wanaume 40 wametia 160 kati ya 400 kwenye barabara, na wanawake 18 wametia 90 kati ya 180 kwenye maji. Kwa idadi barabara inashinda. Kwa asilimia ni 40 dhidi ya 50. Somea mkutano mkuu matokeo yote mawili, ndipo mkutano wenyewe uamue.

Tukijenga boma la darasa kwa nguvu zetu, halmashauri inalazimika kuezeka?
*Mzazi, Tandahimba*

Hailazimiki. Maboma mengi yanaota nyasi kwa sababu mhandisi aliitwa baada ya kuta kusimama, akakuta msingi mfupi au hakuna lenta, yaani mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Mwandikieni kabla ya kuchimba, mpate ramani, na akague msingi, lenta na kenchi (mbao za kubeba paa), kila hatua kwa saini yake. Kukadiria tofali za saruji za inchi sita, wekeni 10 kwa kila mita ya mraba ya ukuta. Za kuvunjika zimo humo.

Michango yote, hata tripu za mchanga na siku za kazi, iandikwe kwenye daftari kwa thamani ya shilingi. Na siku ya kumwaga zege la lenta, pigeni picha za nondo zikiwa bado zinaonekana.