Chupa moja imerudishwa, je, nikusanye zote?

Dada, umeuliza kama duka la Sinza kukurudishia chupa moja ya siagi ya karanga yenye harufu ya ukungu kunakulazimu ukusanye zote. Unajua ilitoka gunia lipi? Kama hujui, pole, zote zirudi. Ndiyo maana kila bechi (mkupuo mmoja wa kusaga) iwe na namba kwenye lebo, na daftari (hata la shule) lioneshe gunia, siku ya kusaga na duka lililopokea. Karanga za soko la Tandale zichambue kabla ya kukaanga. Iliyosinyaa au yenye ukungu, tupa. Moto wa kikaango hauondoi sumukuvu (sumu inayotokana na ukungu) yote. Kikomo cha sumu hiyo Afrika Mashariki ni maikrogramu 10 kwa kilo, jicho halipimi hiyo. Peleka sampuli TBS (Shirika la Viwango Tanzania), Ubungo.